Maswali na Majibu: Ndege ya Kujiundia Ambayo Mwingine Ameshairusha

Barua za toleo hili zinahusu ndege ndogo zinazouzwa kama seti ya vipande, mnunuzi akaziunga mwenyewe karakanani. (Tunaandika "seti". Tukiandika "kiti", kutoka "kit" ya Kiingereza, mtadhani tunazungumzia pale anapokalia rubani.) Waliotuandikia hawataki kuunda. Wanataka kununua iliyokwisha kuundwa na kuruka.

SWALI: Nimeona tangazo la Zenith CH 701 huko Afrika Kusini. Iliundwa 2008, ina injini ya Rotax 912 ULS na saa 410 tu za kuruka. Muuzaji anataka arbuni ndani ya wiki moja. Nianzie wapi? (Msomaji, Njoro)

JIBU: Anzia kwenye karatasi, na arbuni ikae mfukoni kwanza. Cessna 172 mbili za mwaka mmoja ni mapacha, zimetoka kiwanda kimoja na kupita mikono ya wakaguzi wale wale. CH 701 mbili zinafanana jina na umbo, basi. Moja iliungwa na mtu mwenye subira aliyepima kila tundu kabla ya kulitoboa. Nyingine iliungwa na mtu aliyechoka mwaka wa tatu akataka tu iishe. Ukisimama hatua kumi, rangi ikiwa mpya, hutazitofautisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei wala saa. Muulize nani aliiunda na kama unaweza kuzungumza naye. Kisha omba daftari la uundaji lenye picha za ndani ya mbawa kabla hazijafunikwa. Bila picha hizo hutajua kama mabati yalipakwa rangi ya kuzuia kutu kwa ndani, wala kama riveti zilikaa sawa, mpaka uzitoboe.

Pili, iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) kabla hujatuma hata shilingi. Taja aina ya ndege na namba yake ya uundaji, uulize: je, inaweza kusajiliwa kwa alama za Kenya, 5Y, itapewa kibali cha aina gani, na nyaraka gani zitoke Afrika Kusini? Jibu la simu halitoshi, taka la maandishi. Kule ndege za namna hii hubeba alama za ZU na huruka kwa idhini maalumu inayohuishwa kila mwaka. Idhini hiyo si cheti cha kimataifa, na nchi yoyote njiani ina haki ya kuikataa angani mwake. Ukitaka kuirusha hadi nyumbani, kila nchi utakayopita ikupe ruhusa yake.

Tatu, hizo saa 410 zisikulevye. Rotax 912 ULS za kawaida huhesabiwa saa 2,000 au miaka 15, lolote litangulie, ndipo injini ifumuliwe. Ya 2008 imeshapita miaka hiyo. Toa bei kama mtu anayenunua injini iliyofika mwisho, hata ikinguruma vizuri. Juu ya hilo, vitu vya mpira hubadilishwa kila miaka 5: mabomba ya petroli, ya oili na ya maji, shingo za kabureta, viwambo vyake, na pampu ya petroli. Ndege ya 2008 inapaswa kuwa na risiti za mizunguko mitatu: 2013, 2018 na 2023. Muuzaji akikuonyesha risiti ya 2013 peke yake, umeshapata jibu lako.

SWALI: Mimi ni makanika wa magari Nakuru, miaka ishirini kazini. Rafiki ameniomba nimkagulie ndege yenye Rotax 912. Sijawahi kuigusa. Niangalie nini? (Fundi, Nakuru)

JIBU: Fundi, mkono wako utasaidia, ila sahihi ya ukaguzi lazima iwe ya mhandisi mwenye leseni ya ndege. Nendeni pamoja. Tengeni siku nzima, na muuzaji akubali mapema kwamba vifuniko vyote vitafunguliwa.

Rotax 912 ina silinda nne. Vichwa vyake hupozwa kwa maji na mapipa ya silinda kwa hewa. Kabla ya kusoma kijiti cha oili, hakikisha swichi za kuwasha zimezimwa, kisha zungusha propela kwa mkono, kwa upande inaokozunguka ikiruka tu, mpaka usikie tanki la oili likikoroma kama mtu anayemaliza soda kwa mrija. Usipofanya hivyo, oili iliyolala ndani ya injini itakudanganya kwamba tanki halina kitu. Kuirudisha nyuma nyuma huingiza hewa kwenye njia za oili.

Fungua plagi ya sumaku, ile inayonasa vumbi la chuma kwenye oili. Unga mwembamba wa chuma, kama masizi, ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha vinatoka kwenye giaboksi au beringi, na hapo ukaguzi umeishia.

Sasa kabureta, ambazo ni mbili za Bing. Fungua bakuli la chini utoe maboya mawili. Yapime pamoja kwenye mizani ya sonara au ya jikoni inayosoma gramu: jozi isizidi gramu 7. Kuna maboya yaliyotengenezwa vibaya ambayo hunywa petroli polepole. Yakilemewa huzama, petroli hufurika, na injini hutetemeka au huzimika ikiwa ardhini. Ukiambiwa "injini inakohoa kidogo ikiwa polepole, ni kawaida yake," pima maboya kabla ya kujibu.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi kwa sababu linanuka petroli: mtiririko wa mafuta. Inua pua ya ndege mpaka ilale kama inapopanda kwa nguvu, tanki likiwa na mafuta kidogo. Fungua bomba la petroli karibu na kabureta, lielekeze kwenye dumu lenye alama za lita, washa pampu ya umeme na uhesabu dakika tatu. Kizima moto kiwe miguuni na simu zibaki nje. Injini hii hunywa takriban lita 27 kwa saa ikiruka kwa nguvu zote. Mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya hiyo, lita 34 kwa saa, yaani lita 1.7 kwa dakika tatu. Kama mafuta yanashuka yenyewe kutoka mbawani bila pampu, yatoe asilimia 150, yaani lita 2 kwa dakika hizo hizo. Rudia kwa kila tanki. Pungufu ya hapo mara nyingi ni chujio lililoziba, bomba lililokunjwa nyuma ya kiti, au tundu la hewa la tanki ambamo nyigu wamejenga kwa udongo. Hili la nyigu lichukulie kwa uzito. Huku kwetu ndege ikikaa wiki mbili bila vizibo, wameshahamia kwenye tundu la hewa na kwenye mrija wa kupima mwendo.

Malizia kwa nati na riveti. Kila nati ya kujifunga iache walau uzi mmoja wa bolti ukichungulia. Nati yenye nailoni haikai karibu na joto la bomba la moshi. Popote bolti inapozungushwa na kiungo cha usukani, taka nati ya mataji yenye pini. Riveti yenye mkia mweusi nyuma yake, kama wanja uliotiririka, imelegea na inasagika. Moja haitishi. Kumi kwenye mstari mmoja zinaeleza kwamba bati limekuwa likicheza. Kwenye CH 701 angalia pia kamba ya mpira inayobeba gurudumu la pua: huchoka kwa jua na umri, na ikichoka pua huinama.

SWALI: Kuna RV-6A inauzwa humu nchini. Injini ni Lycoming O-320, saa 300 tangu mpya, lakini imekaa hanga miaka minne karibu na ziwa. Mwenyewe asema injini haijachoka. (Msomaji, Milimani, Kisumu)

JIBU: Haijachoka, lakini huenda imeoza. Kwenye Lycoming za aina hii kamshafti (shafti yenye kamu zinazofungua vali) iko juu ya kranki shafti. Injini ikizimwa, oili hushuka chini na kuiacha kamshafti imepakwa utando tu. Utando huo unapoisha, unyevu wa ziwa hufanya kazi yake usiku kucha, na kutu huchimba vijishimo kwenye uso mgumu wa kamu. Siku ya kuwasha, vijishimo hivyo humenya kamu kama msasa. Saa 50 au 100 baadaye vali hazifunguki sawasawa, nguvu imepungua, na chujio limejaa vumbi la chuma. Ndiyo maana kiwanda huihesabia O-320 saa 2,000 au miaka 12, lolote litangulie.

Muulize mwenyewe aliitunzaje. Akijibu kwa fahari kwamba kila Jumamosi alizungusha propela kwa mkono, au aliiwasha dakika kumi "ipate joto", sikitika kimoyomoyo. Kuzungusha kwa mkono hufuta utando uliobaki. Kuwasha kwa muda mfupi huongeza maji ndani ya oili bila kuyachemsha yatoke. Injini hukauka ikiruka, si ikinguruma mbele ya hanga.

Kamu haionekani kwa urahisi. Ili kuiona, silinda moja ing'olewe. Ombeni hilo, na mkubaliane kwa maandishi nani atalipa gasketi na kazi. Akikataa kabisa, jadili bei ukihesabu kwamba injini itafumuliwa. Akikubali, pitisha pia kamera nyembamba kwenye matundu ya plagi na uangalie kuta za silinda: mistari myembamba ya kupishana ni ya kiwandani, madoa ya kahawia ni kutu. Kama propela ni ya pembe isiyobadilika, ukaguzi wa tundu la mbele la kranki shafti usisahaulike. Kutu hushika humo ndani pia, na kranki iliyochimbika haifai.

Kupima mgandamizo: injini ikiwa ya moto, kila silinda hupewa hewa ya shinikizo la psi 80, ukasoma inabaki ngapi. Sabini na kitu ni afya, chini ya 60 ni kazi ya fundi. Ila sikio lako ni muhimu kuliko geji. Hewa ikivuma kwenye bomba la moshi, vali ya kutolea ina kasoro. Ikivuma kwenye kabureta, ni ya kuingizia. Ikivuma kwenye mdomo wa kumiminia oili, ringi zimechoka au zimenata. Propela ishikiliwe imara na mtu anayejua anachofanya, maana hewa hiyo inaweza kuizungusha.

Mwisho, herufi A kwenye jina ina maana gurudumu la tatu liko puani. Mguu huo wa pua kwenye RV za zamani umewahi kukunjika ukiingia shimoni na ndege ikabinuka. Kwa kiwanja cha lami cha Kisumu hakuna neno. Kama unapanga kutua kwenye nyasi zenye mashimo ya ngiri, tafuta RV-6 ya gurudumu la mkiani, au CH 701.

SWALI: Tangazo linasema CH 701 inaruka kwa mita 60. Kiwanja chetu cha nyasi kina mita 350. Si ni zaidi ya kutosha? (Msomaji, Rongai, Nakuru)

JIBU: Mita 60 hizo ni za usawa wa bahari, mtu mmoja, tanki nusu. Nakuru iko zaidi ya futi 6,000. Adhuhuri ya nyuzi 26, hewa ni nyepesi kana kwamba uko karibu futi 9,000, na hata Kisumu kwenye nyuzi 30 ni kama futi 6,500. Kwenye futi 9,000 injini isiyosukumwa na turbo hubaki na asilimia 73 hivi ya nguvu zake, kwa hiyo farasi 100 wanakuwa 73. Hapo hapo ndege inahitaji kukimbia ardhini asilimia 15 zaidi ndipo mbawa zibebe, ingawa saa ya mwendo inakuonyesha namba zile zile.

Hesabu basi. Mita 60 mara mbili kwa ajili ya hewa ni 120. Nyasi zenye umande, ongeza asilimia 30, unapata 156. Akiba ya usalama, theluthi moja, inafika karibu 210. Ukibeba abiria na mafuta kamili, ongeza nusu tena: karibu mita 310. Mita 350 zako zimebaki ukingo wa mita 40, na bado hujatazama miti iliyo mwisho wa kiwanja.

Uzito wenyewe usiuamini mpaka uione ndege mizanini. CH 701 kwa mchoro ni kilo 263 tupu na 500 ikijaa, lakini kila mmiliki huongeza kitu: redio, zulia, rangi ya pili. Chukua mizani tatu, ndege ikae sawa kama inavyoruka, tanki tupu. Tuseme gurudumu la kushoto linasoma 116, la kulia 114, la pua 60: jumla 290. Hapo unabaki na kilo 210. Watu wawili wa kilo 85 ni 170. Kilo 40 zilizobaki ni lita 55 za petroli, maana lita moja ni kilo 0.72. Sasa kitovu cha uzito. Kama unapima kutoka ukingo wa mbele wa bawa, magurudumu makuu yako mita 0.60 nyuma na la pua mita 0.80 mbele, zidisha: 230 × 0.60 ni 138, toa 60 × 0.80 ambayo ni 48, inabaki 90. Gawa kwa 290, unapata mita 0.31. Linganisha na mipaka ya mchoraji wa ndege, kisha urudie hesabu ukiwa na watu, mafuta na mizigo. Muuzaji aliyekupa karatasi ya uzito yenye namba kamili zilizo sawa na za kitabu cha kiwanda hakuwahi kuipima.

Na kama mnashawishiwa na dada yake, CH 601 XL, ulizeni kama mbawa ziliimarishwa kwa seti ya marekebisho ya Novemba 2009. Mwaka huo, baada ya ndege kadhaa kuvunjika angani, wachunguzi wa ajali wa Marekani walitaka zizuiwe kuruka. Isiyorekebishwa iacheni.

SWALI: Nina ekari 200 za mahindi nje ya Kitale. Nikiinunua, naweza kunyunyizia dawa shambani na kuwatoza majirani kidogo? (Mkulima, Trans Nzoia)

JIBU: Hapana, mzee wetu. Vibali vya ndege za kujiundia kwa kawaida ni vya safari binafsi, havigusi kazi ya kulipwa. Hata kibali kikiwekwa kando, hesabu ya hapo juu inakuachia kilo chache za dawa, na dawa yenyewe hula bati. Droni itakufaa zaidi, na ina kanuni zake za 2020 kutoka KCAA.

SWALI: Nina leseni ya rubani binafsi na saa 80, zote kwenye Cessna 172. Nimenunua RV-6. Siku ya kwanza nifanyeje? (Dada, Eldoret)

JIBU: Dada, siku hiyo ipe heshima yake. Wachunguzi wa Marekani walipochambua ajali za ndege za kujiundia za mwaka 2011, zaidi ya nusu zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Sababu kubwa zilikuwa injini kukosa nguvu na rubani kupoteza udhibiti. Mwimbaji John Denver alifariki Oktoba 1997 huko California akirusha ndege ya kujiundia, Long-EZ, aliyokuwa ameinunua karibuni tu. Muundaji alikuwa ameihamisha vali ya kuchagua tanki kutoka ilipo kwenye mchoro hadi nyuma ya bega la kushoto la rubani. Ilikuwa ngumu kiasi cha kuhitaji koleo, na kuifikia ulilazimika kugeuka kitini.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha, keti ndani, jifunge mikanda, fumba macho, uguse moja baada ya nyingine: vali ya mafuta, pampu, swichi za magneto, kufuli la mlango. Ikiwepo hata moja usiyoifikia bila kugeuza mabega, ndege haitoki hanga. Kisha mwaga mafuta yote, rudisha lita tano tano, na kila mara uandike geji inasoma nini. Geji nyingi za kujiundia hudanganya tanki likikaribia robo. Tazama pia saa ya mwendo kama inasoma maili au noti (maili za baharini kwa saa): 60 za maili ni noti 52 tu, na tofauti hiyo ndiyo iliyo kati ya kutua na kuanguka.

Tafuta mwalimu mwenye uzoefu wa RV uruke naye saa tano hadi kumi. Usukani wake ni mwepesi mno kwa mkono uliozoea 172. Unausogeza kwa vidole. Na gurudumu la mkiani ni somo zima peke yake. Safari ya kwanza peke yako iwe asubuhi ya baridi, upepo umelala, bila abiria. Njia ya kurukia ya Eldoret ina kilomita 3.5, itumie. Panda juu ya uwanja, na ukiwa na futi 3,000 chini yako punguza mwendo polepole mpaka mbawa ziache kubeba. Andika namba hiyo. Mara 1.3 yake ndiyo mwendo wako wa kukaribia kutua, hata kama karatasi ya mwenyewe wa zamani inasema vingine.

SWALI: Kontena la kawaida linatosha? Na ikifika Mombasa? (Msomaji, Busia)

JIBU: La futi 40 lina urefu wa ndani wa mita 12 na upana wa mita 2.35. Mbawa zing'olewe na zisimamishwe ubavuni kwa ukingo wa mbele, juu ya vitanda vilivyotandikwa zulia. Pima mkia wa nyuma kabla ya kulipa, maana ndio hukwama mlangoni. Usifunge ndege kwa mikanda kupitia mbawa au injini. Funga kwenye magurudumu na pale inapofungwa uwanjani. Bolti za mbawa ziingie mfuko wenye jina, na za kurudishia ziwe mpya. Tanki liwe tupu na limekaushwa, betri imetolewa. Kutoka bandarini, reli inaweza kulileta mpaka bohari ya Naivasha, na lori likaendelea nalo.

Redio ya dharura ya 406 MHz imeandikwa ndani yake namba ya nchi ilikotoka, na transponda (kifaa kinachoijibu rada) vilevile. Fundi wa redio azibadilishe kabla ya safari ya kwanza, la sivyo ukianguka Nyando, simu ya kwanza ya uokoaji italia Afrika Kusini.